Kuhesabu mbuzi langoni kwa mwale wa infraredi, jua likiwa kali

Kihisi cha infraredi (mwanga usioonekana kwa jicho) kinachofanya kazi vizuri juu ya meza ndani ya nyumba hupofuka kikitolewa nje saa sita mchana. Taa inawaka, waya ziko sawa, programu haijaguswa, lakini hakioni kinachopita mbele yake, au kinahesabu vitu ambavyo havikupita. Mafundi wengi wakifika hapo hukimbilia kuongeza nguvu ya taa. Wanaweka ya pili na ya tatu, wanapandisha mkondo mpaka rezista inanuka, na mchana kihisi kinabaki kipofu vilevile.

Jua halishindwi kwa nguvu. Anga likiwa safi, jua la utosini humwaga kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na karibu nusu ya nguvu hiyo ni infraredi. Kwa hakika infraredi yenyewe iligunduliwa kwenye mwanga wa jua: mwaka 1800, nchini Uingereza, William Herschel aliupitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, akaweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na kipimajoto kikapanda. Sasa linganisha na taa yako. Taa nzuri ya milimita 5 yenye mwale mwembamba, ikipewa miliampea 100, kwa umbali wa mita 1 hutoa kama wati 0.17 kwa mita ya mraba. Hata ukiweka kumi bado hujafika popote.

Kinachowezekana ni mambo mawili. La kwanza ni kulizuia jua lisifike kwenye kipokezi, yaani kifaa kinachoupokea mwanga wa taa yako. La pili ni kuupa mwanga wako alama ambayo jua halina. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na nakusihi usiruke hatua za mwanzo kwa sababu tu hazina umeme ndani yake. Hizo ndizo zinazobeba kazi kubwa.

Mfano nitakaoutumia ni lango la zizi la mbuzi. Asubuhi mbuzi wanatoka jua likiwa chini upande wa mashariki, jioni wanarudi jua likiwa chini upande wa magharibi, na nyakati hizo mbili ndizo mfugaji anazotaka hesabu. Kihisi kinachomudu lango hilo kitamudu pia baiskeli zinazozunguka uwanja, wanafunzi wanaokimbia mita 100, au kreti zinazopakiwa kwenye lori.

Vitu vya kuwa navyo

Taa mbili za infraredi za nanomita 940 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na uchague zenye mwale mwembamba, mfano TSAL6100. Vipokezi viwili vya kilohezi 38 (vinavyoitikia mwanga unaopepesa mara 38,000 kwa sekunde) vya aina ya TSOP38238. Ukikosa, VS1838B inapatikana karibu kila duka la vifaa vya elektroniki Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, na unaweza pia kukitoa kipokezi kwenye king'amuzi kilichokufa. Arduino Uno (kibao kidogo cha kompyuta kinachoendesha programu yako) au nyingine inayofanana nayo. Transista mbili za 2N2222 au BC337. Rezista za omu 33 hadi 1,000. Kapasita ndogo za mikrofaradi 0.1 na za mikrofaradi 4.7. Paipu ya PVC ya kupitishia waya za umeme ukutani, ile ya milimita 20. Rangi ya ubao wa shule, ile nyeusi isiyong'aa. Na vipande viwili vya mbao au bati, kila kimoja ukubwa wa daftari.

Vile vibao vidogo vya saketi vyenye taa, fotodiodi (kijenzi kinachogeuza mwanga kuwa mkondo wa umeme), chipu ya kulinganisha volti ya LM393 na potenshiomita ya bluu ya kuzungusha kwa bisibisi viache dukani. Vingi vyao taa huwaka moja kwa moja bila kupepesa, kwa hiyo kibao hakina namna yoyote ya kutofautisha mwanga wake na wa jua. Kwa roboti ya darasani vinatosha. Kwa lango la nje, hapana.

Nanomita 940 ina faida yake. Mvuke wa maji ulio angani humeza sehemu ya mwanga wa jua kwenye eneo hilo, hivyo jua linalofika ardhini huwa dhaifu zaidi hapo kuliko kwenye nanomita 850. Na faida hiyo haina gharama.

Hatua ya 1: Mwale ukatwe, usitegemee kuakisiwa

Kuna namna mbili za kuona kitu kinachopita. Unaweza kuweka taa na kipokezi upande mmoja ukasubiri mwanga urudi kutoka kwenye mwili wa mbuzi, au unaweza kuweka taa upande huu na kipokezi upande ule, mbuzi akipita anaukata mwale. Juani chagua ya pili kila inapowezekana.

Sababu ni ya kihesabu. Mwanga unaorudi umesafiri mara mbili na umetawanyika mara mbili: kwanza ukienda, kisha ukirudi kutoka kwenye manyoya kila upande. Tena mbuzi mweupe na mbuzi mweusi hawarudishi kiasi kimoja, kwa hiyo kipimo kinachomfaa mmoja kitamkosa mwingine. Na huyo mbuzi anamulikwa na jua wakati huohuo, kwa hiyo ubavu wake mzima ni taa nyingine inayokitazama kipokezi chako. Mwale unaokatwa haujali rangi ya mbuzi. Unajali kama yupo au hayupo.

Ukilazimika kutumia upande mmoja tu, nunua kihisi kinachopepesa taa yake, kama E18-D80NK, na usitegemee juani umbali wa sentimita 80 ulioandikwa. Kwa vihisi vya viwandani, tafuta kwenye karatasi ya maelezo mstari unaotaja mwanga wa jua. Vingi vimeandikwa laksi (kipimo cha mwangaza) 10,000, na jua la utosini hufika laksi 100,000.

Hatua ya 2: Kipokezi kitazame kaskazini au kusini

Hatua hii haina gharama yoyote, na bado ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta, jua huchomoza na kuzama likiwa halijasogea zaidi ya nyuzi 24 hivi kutoka mashariki au magharibi kamili, mwaka mzima. Kwa hiyo kipokezi kinachotazama kaskazini au kusini kwa usawa wa ardhi hakitakutana na jua likiwa chini. Mchana jua linapohamia kaskazini au kusini linakuwa juu mno kuweza kuingia. Dodoma, kwa mfano, hata mwezi Juni ambapo jua la mchana limeegemea kaskazini, bado liko nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho.

Kwa hiyo mbuzi wapite wakielekea mashariki au magharibi, na mwale uwakate kwa ubavu. Lango likiwa tayari limejengwa vinginevyo, ni rahisi zaidi kujenga ujia mfupi wa miti unaokunja kona mbele ya lango kuliko kupambana na jua la saa kumi na mbili kasoro jioni likiwa ndani ya macho ya kipokezi. Ikishindikana kabisa, kipokezi kielekezwe upande ambao kuna kitu kirefu cha kudumu, ukuta au jengo, kinacholiziba jua katika saa za kuhesabu. Mti usiutegemee sana: unapukutisha majani, na majani yakicheza na upepo yanaleta mwanga unaopandashuka.

Hatua ya 3: Bomba, rangi nyeusi na ubao wa nyuma

Kata paipu yako vipande vinne vya sentimita 10, viwili vya taa na viwili vya vipokezi. Chukua rangi ya ubao, ipake ndani ya kila kipande mpaka pasionekane sehemu nyeupe. Ukiweza, viringisha msasa mweusi wa maji, ule wanaotumia wapiga rangi wa magari, uuingize ndani ya bomba la kipokezi upande wa chenga ukitazama katikati. Chenga zile huvunja mwanga unaoteleza ukutani mwa bomba kwa mshazari. Nje ya bomba acha pawe peupe, maana bomba jeusi nje linachemka.

Kipokezi kikae mwisho kabisa wa bomba, katikati, na nyuma yake pazibwe. Hapa kuna mtego unaowapoteza hata mafundi wazoefu: baadhi ya plastiki nyeusi hupitisha infraredi kama kioo. Jicho linaona giza, kipokezi kinaona dirisha. Kabla ya kuamini plastiki yoyote, izibe nayo pua ya rimoti ya televisheni kisha bonyeza. Televisheni ikiitika, plastiki hiyo haikufai. Karatasi ya aluminiamu iliyofunikwa kwa tepu haina shaka.

Bomba linasaidia kiasi gani? Kipenyo cha ndani tukikichukua kuwa milimita 16, kipokezi kilicho mwisho wa sentimita 10 kinaona duara lisilozidi nyuzi 5 kila upande wa mstari wa katikati. Tuseme duara hilo limejaa ukuta unaopigwa na jua na kuakisi nusu ya mwanga. Kinachofika kwenye kipokezi ni kama wati 3 kwa mita ya mraba, badala ya 1,000. Umelipunguza jua zaidi ya mara 300 kwa kipande cha paipu.

Halafu punguza tena. Kipokezi kinatazama upande wa taa, kwa hiyo kila kilicho nyuma ya taa ndicho mandhari yake. Weka pale kile kipande cha mbao kilichopakwa rangi ya ubao, taa ikichungulia katikati yake, na juu yake weka kipaa kidogo cha bati ili ubao wenyewe uwe kivulini. Sasa kipokezi kinatazama kivuli cheusi chenye nukta moja ya mwanga. Hapo ndipo taa ndogo inaanza kuwa na maana.

Hatua ya 4: Taa ipepese

Mwanga wa jua ni mkubwa lakini umetulia. Hupanda wingu likipisha na hushuka likifunika, lakini haupepesi mara 38,000 kwa sekunde. Taa yako inaweza. Kipokezi cha kilohezi 38 kimetengenezwa kupuuza mwanga uliotulia na kuitika pale tu kinapokuta mapigo ya kasi hiyo, sawa na unavyomtambua mwenzako sokoni kwa mluzi wake hata kelele ikiwa kubwa kiasi gani.

Unganisha taa hivi: volti 5 kwenda kwenye rezista, kutoka hapo kwenye mguu chanya wa taa, mguu hasi kwenye kolekta ya transista, na emita kwenye hasi ya betri. Pini ya Arduino iingie kwenye besi ya transista ikipitia rezista ya omu 1,000. Usiiwashe taa moja kwa moja kutoka kwenye pini. Pini haikutengenezewa mkondo huo.

Kipokezi kina miguu mitatu: ya kutolea ishara, ya hasi na ya chanya. Mpangilio wake hutofautiana kati ya aina na aina, kwa hiyo soma karatasi yake kwanza, maana ukigeuza chanya na hasi kinaweza kuungua. Mguu wa chanya ulishwe kupitia rezista ya omu 100, na kapasita ya mikrofaradi 4.7 isimame kati ya chanya na hasi, karibu kabisa na kipokezi. Usipoiweka, mitikisiko ya umeme wa Arduino itaingia kwenye kipokezi na utalaumu jua bila kosa. Mguu wa ishara hukaa juu wakati hakuna kitu, na hushuka chini mapigo yanapopokelewa.

Vipokezi hivi viliundwa kwa ajili ya rimoti, na rimoti haibonyezwi siku nzima. Ukikimulika kwa mapigo yasiyokatika, kipokezi kitayachukulia kuwa ni kelele na kujipunguzia usikivu mpaka kisiitike kabisa. Kwa hiyo tuma mafungu. Fungu moja liwe na mapigo 20, ambayo kwa kilohezi 38 huchukua karibu milisekunde nusu, kisha nyamaza milisekunde 2. Hapo una ukaguzi 400 kwa sekunde. Amri ya tone ya Arduino inaweza kutoa mapigo 38,000 kwa sekunde bila wewe kuhesabu mikrosekunde. Kuna pia vipokezi vilivyoundwa kwa ajili ya miale ya kudumu, kama TSSP4038, ambavyo havina tabia hii, ukivipata vichukue.

Programu ifanye ukaguzi mmoja hivi. Kabla ya fungu, soma mguu wa ishara: uwe juu. Tuma fungu. Mara tu linapoisha, soma tena: ukiwa chini, mwale umefika; ukiwa juu, kuna kitu kimeukata. Kama ulikuwa chini hata kabla hujatuma chochote, hiyo ni kelele kutoka kwingine, tupa ukaguzi huo. Usomaji ule wa kwanza unaonekana kama wa kupoteza muda, lakini ndio unaokuokoa na taa za umeme, rimoti za jirani na mitikisiko mingine yote.

Hatua ya 5: Punguza taa, usiiongeze

Kipokezi cha kilohezi 38 kina usikivu mkali kiasi kwamba rimoti ya betri mbili ndogo inakifikia kutoka upande wa pili wa sebule. Kwenye lango la sentimita 60, taa ya miliampea 100 inakuwa kubwa kupita kiasi. Mbuzi anasimama katikati ya mwale na kipokezi bado kinaitika, kwa sababu mwanga unagonga mwimo wa lango, unagonga ardhi, unamzunguka mbuzi na kufika. Mfugaji anaona hesabu pungufu na kudhani taa ni dhaifu.

Anza na rezista ya omu 1,000 kwenye taa, saa sita mchana, jua likiwa kali, lango likiwa wazi. Kipokezi kisipoitika mfululizo, shuka: 680, 470, 330, mpaka kiitike bila kukosa hata mara moja. Ukishapata hiyo thamani, mpe taa mkondo kama mara nne zaidi, kwa ajili ya vumbi na kuzeeka kwa taa. Kama 1,000 ilitosha, weka 220 au 270. Ikiwa umeshuka mpaka 100 na bado hakiitiki, tatizo si taa. Rudi hatua ya 3, kuna jua linaingia mahali.

Kisha rudi jioni giza likianza kuingia, ujaribu tena. Hili ni la lazima. Mchana mwanga wa mazingira hukipunguzia kipokezi usikivu, na jua likizama usikivu wote unarudi, kwa hiyo mwale uliokuwa mwembamba wa haki saa sita unaanza kuvuja pembeni saa moja jioni. Simamisha kwenye ujia gunia lililojazwa majani, upana wa mbuzi. Likikata mwale mchana lakini lisikate jioni, usibadilishe rezista. Ziba mdomo wa bomba la taa kwa karatasi ya aluminiamu yenye kitundu cha milimita 3, na pakaa nyeusi sehemu za mwimo zilizo karibu na mstari wa mwale.

Hatua ya 6: Kwa anayetaka kutumia fotodiodi

Mwenye vipokezi vya kilohezi 38 anaweza kuipita hatua hii. Lakini inafaa kwa mwalimu anayetaka wanafunzi waone namba zenyewe, na kwa fundi ambaye duka la karibu lina fotodiodi pekee.

Chukua fotodiodi ya BPW34. Kathodi yake kwenye volti 5, anodi kwenye pini A0 ya Arduino, na kutoka A0 rezista iende hasi. Uso wake unaohisi mwanga una milimita za mraba 7.5. Jua la moja kwa moja linauangushia miliwati 7.5, na silikoni huzigeuza kuwa mkondo wa kama miliampea 2 hadi 3. Ukiwa umeweka rezista ya omu 100,000, mikroampea 50 tu zinatosha kuijaza hadi volti 5. Yaani jua linaishibisha zaidi ya mara arobaini, na fotodiodi iliyoshiba haina nafasi ya kuonyesha taa yako hata uipepese vipi. Wengi wameandika programu nzuri sana ya kutoa jua kwenye hesabu, na imeshindwa kwa sababu hii moja: hakuna cha kutoa, namba ni 1023, ya juu kabisa ambayo Arduino inaweza kusoma, taa ikiwaka na 1023 taa ikizimwa.

Weka bomba la sentimita 10, na mkondo wa jua unashuka hadi mikroampea 7 au 8. Sasa kwenye rezista ileile kuna volti 0.8 hivi, na nafasi tele imebaki. Taa yenye mwale mwembamba kwa miliampea 100, kutoka sentimita 60, inaongeza kama mikroampea 2, sawa na volti 0.2, ambazo Arduino inazisoma kama hatua 40 kati ya 1024. Zinatosha.

Soma hivi: taa imezimwa, soma. Washa, subiri mikrosekunde 100, soma. Zima, subiri, soma tena. Chukua usomaji wa katikati, upunguze kwa wastani wa ule wa kwanza na wa tatu. Kusoma pande zote mbili kunafuta mabadiliko ya polepole, kama wingu linalopita au kivuli cha mbuzi kinachotangulia kabla ya mbuzi mwenyewe. Rudia mara 20, jumlisha. Yote hayo yanachukua chini ya milisekunde 15.

Halafu tumia usomaji wa taa iliyozimwa kama mlinzi. Ukipita 950, fotodiodi imepofuka, na programu iseme hivyo kwa kuwasha taa nyekundu au kuandika kwenye kumbukumbu. Isihesabu. Kihisi kilichopofuka na mwale uliokatwa hutoa jibu moja, na usipovitenganisha, jua litahesabiwa kama mbuzi.

Hatua ya 7: Miale miwili

Mwale mmoja hauwezi kukuambia mbuzi anaingia au anatoka, na hauwezi kumtofautisha mbuzi aliyepita na yule aliyechungulia akarudi. Weka miwili, A upande wa nje na B upande wa ndani, kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15, urefu mmoja kutoka ardhini. Taa zake zipepese kwa zamu, A kisha B, zisiwake pamoja, kila kipokezi kisomwe wakati wa zamu ya taa yake tu.

Urefu kutoka chini ni wa kupima kwa mbuzi wako mwenyewe. Mwale ukiwa chini mno unakata miguu, na mbuzi mmoja anahesabiwa mara mbili au nne. Ukiwa juu mno, wadogo wanapita chini yake. Mchukue mbuzi mkubwa na mdogo kuliko wote anayekwenda malishoni, tafuta usawa unaokata kiwiliwili cha wote wawili. Vitoto vinavyobaki zizini havina haja ya kuingia kwenye hesabu ya lango.

Aliyeingia kikamilifu atakata A peke yake, kisha A na B pamoja, kisha atauachia A akibaki na B, kisha miale yote miwili itakuwa wazi. Programu ifuate mfululizo huo na iongeze moja pale tu unapokamilika. Ukianzia B ukaishia A, ametoka. Ukikatika katikati na kurudi ulikoanzia, hakuna aliyepita.

Kuhusu muda: mwili wa sentimita 60 ukienda mita 1 kwa sekunde unakata mwale kwa sekunde 0.6. Akikimbia mita 4 kwa sekunde, sekunde 0.15. Kwa hiyo mkato wa chini ya milisekunde 80 ni mkia, sikio au nzige, upuuze. Na mwanya wa chini ya milisekunde 50 katikati ya mkato mrefu si mbuzi wawili, ni shingo iliyoinama, uunganishe.

Kinachobaki kigumu ni mbuzi wawili waliobanana, pua ya mmoja kwenye mkia wa mwingine. Hapo hakuna programu itakayokusaidia sana, ujenzi ndio utasaidia. Ujia uwe mwembamba wa kupita mmoja, wenye urefu wa mbuzi wawili au zaidi, na gogo la kuruka liwekwe mahali mwale ulipo. Anayeruka gogo hutanguliza mwili na kumwacha wa nyuma akisubiri, na mwanya unapatikana.

Hatua ya 8: Majaribio kabla ya kuamini

Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, simama pembeni ya ujia mchana, na urushe jua moja kwa moja ndani ya bomba la kipokezi kwa sekunde moja. Hesabu isibadilike. Kwa kihisi cha miale miwili haitabadilika, maana kioo hakitakata A na B kwa mfululizo sahihi. Ikibadilika, programu yako inaruka hatua fulani ya mfululizo.

Kama huna uhakika taa inawaka, itazame kwa kamera ya mbele ya simu. Nyingi zinaonyesha infraredi kama mng'ao wa zambarau hafifu. Fanya hivyo kivulini.

Kisha keti langoni jioni ukihesabu kwa mdomo na kwa kokoto wakati kihisi kinahesabu chake. Rudia asubuhi. Tofauti ikijitokeza, angalia kwanza saa iliyotokea. Ikiwa daima ni saa ile ile, kuna jua linalopenya kwa pembe fulani, au bati la jirani linaloakisi. Ikiwa ni wakati kundi linasukumana, ni suala la ujia.

Matunzo

Buibui wanapenda sana bomba jeusi lenye kivuli, na utando mmoja wenye umande wa asubuhi unatosha kupunguza mwale. Nyigu wa udongo wanalijaza kabisa. Funika midomo ya mabomba kwa kipande cha plastiki angavu, mfano kifuniko cha boksi la CD, na ukiinamishe kidogo kuelekea chini ili maji yateleze na mwanga wa angani usiakisiwe ndani. Kifute kwa kitambaa chenye maji kila wiki. Kiangazi, vumbi la kwato litakulazimisha kila baada ya siku mbili tatu. Kila ukishafuta, angalia kama bomba halijasogea: mbuzi hujikuna kwenye nguzo, na nguzo ikiinama kidogo tu mwale unakosa shabaha. Nguzo za taa na vipokezi zichimbiwe peke yake, mbali kidogo na miti ya ujia.